Kodi ya Pili

Familia iliyokosa makazi hapa Mwanza huioni kirahisi, kwa sababu ikifikia hatua hiyo huwa imeshagawanyika. Mama yuko Igogo, jikoni kwa rafiki yake, anatandika na mtoto anayenyonya baada ya wenyeji kumaliza kula na kutoa vyombo. Wavulana wamepelekwa Misungwi kwa bibi. Binti mkubwa hajamaliza hata darasa la sita, yuko Nyegezi kwa watu, anafua na kubeba mtoto wa mwenzake. Baba yuko machimboni Geita, na kila mwanamke wa Kanda ya Ziwa anajua kuwa kuna kwenda machimboni na kuna "kwenda machimboni". Ukipita barabarani usiku hutamkuta hata mmoja wao amelala kwenye boksi. Kwa hiyo tunasema Mwanza tatizo letu ni watoto wa mitaani tu, tunaendelea na safari.

Wapo pia wanaobaki pamoja, ila kwenye mapagale. Huko Buhongwa na Kishiri, ambako mji unakimbia kuliko ramani, mtu anayejenga polepole hufurahi akipata familia ya kumlindia tofali na nondo. Wanakaa bure, bila mlango, bila choo cha maana, hadi siku mafundi wa kupaua wanapofika. Siku hiyo wanaambiwa asanteni.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa kwenye kikundi cha mtaa kinachozitafutia familia za namna hii chumba cha kupanga. Tulianza kama wanajumuiya wa kanisa, wakaongezeka majirani Waislamu, na siku hizi mweka hazina wetu ni Hajati ambaye hakuna shilingi inayomponyoka. Naandika kwa sababu kila ninapoeleza kazi hii, watu wananiuliza habari za chumba: mmepataje chumba, mmenunua godoro, watoto walifurahi? Chumba ndiyo sehemu rahisi. Siku ya kuhamia kila mtu anataka kuwepo. Anakuja mtu na pikapu, ndoo mpya zinapangwa, picha zinarushwa kwenye kundi la WhatsApp, na wenye mapenzi mema wanatuma elfu tano tano hadi tunashangaa. Kinachoirudisha familia jikoni kwa watu ni kodi ya pili, na mwezi wa tano hakuna anayepiga picha.

Tupige hesabu. Chumba kimoja cha kawaida kule mlimani juu ya mawe, choo cha nje cha kushirikiana, tuseme ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, yaani 240,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 40,000, na kabla ya hapo amekula hela ya kukuzungusha kuona vyumba ambavyo vingine anajua kabisa vimeshachukuliwa. Inafika 280,000 kabla hujanunua kufuli. Mwanamke anayeanika dagaa hawezi kuzishika pesa hizo kwa mkupuo, ndiyo maana tunazichanga. Lakini miezi sita ikiisha, yule yule ambaye hakuwa na 240,000 mwezi Januari anatakiwa awe nazo mwezi Julai, na katikati amelipa sare, mashine ya kusaga, maji, na nauli za kwenda Bugando. Tukimpa ile ya kwanza tukaondoka, tumemnunulia muda tu.

Sheria haimsaidii sana hapo. Zamani ilikuwepo Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984. Ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi na muda wa kulipa ni maelewano ya watu wawili ambao mmoja ana funguo. Mgogoro ukiwa mkubwa lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sijamwona mpangaji wa chumba kimoja aliyefika huko. Anafika kwa mjumbe, mjumbe anamwambia mama yangu hangaika, tafuta hela.

Familia hizi zinafikaje kwenye kukosa makazi? Njia ni nyingi, na kila familia inayo ya kwake, ila tatu zinajirudia.

Ya kwanza ni ziwa lenyewe. Rekodi ya kina cha Ziwa Victoria iliyokuwepo tangu 1964 ilivunjwa Mei 2020, na mwaka 2024 maji yakapanda tena kuipita hiyo ya 2020. Vyumba vya karibu na mwalo viliingiwa na maji, kuta za tope zikalainika, vyoo vikafurika. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeshakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo aliyeondolewa na maji hata akilalamika ataulizwa kwanza alikuwa anafanya nini pale. Alikuwa anaanika dagaa, na dagaa wanaanikwa pale wanapotolewa.

Ya pili ni mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali. Watu hudhani inachukuliwa kwa anasa. Wengi niliokutana nao waliichukua ili walipe kodi ya nyumba, na rehani ikawa godoro, jiko la gesi na runinga. Mwisho wake wakakosa vyote, kodi na godoro.

Ya tatu ni kufiwa na mume, na hii inaniumiza kuliko zote kwa sababu haina sababu. Mwaka 1990, hapa hapa Mwanza, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Jamaa wa ukoo wake alitaka mauzo yabatilishwe kwa kuwa mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila ya kumbagua mwanamke namna hiyo inagongana na Katiba. Wanasheria wanaifundisha kesi hiyo hadi leo, nje ya Tanzania pia. Na bado nimekaa na mjane wa Sukumaland ambaye kabla arobaini haijafika shemeji zake walikuwa wameshapima vyumba kwa hatua za miguu, wakampa nauli ya kurudi kwao Magu kama mtu aliyekuja kutembea. Nyumba ile waliijenga wote wawili; yeye ndiye aliyebeba maji ya kufyatulia tofali. Hakujua kuwa angeweza kwenda mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Alipojua, mabati yalikuwa yameshauzwa.

Nimesema chumba ndiyo sehemu rahisi. Twende kwenye mwezi.

Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola. Dagaa wanafuata mwanga, na mwanga wa taa una maana usiku ukiwa na giza. Mwezi ukikua mkubwa, mitumbwi inapumzika, na wanawake wanaonunua kwa ndoo na kuanika kwenye vichanja nao wanakaa. Kwa hiyo kipato cha mwanamke wa Igombe au wa Mwaloni Kirumba kinafuata mbalamwezi, wakati kodi ya nyumba inafuata kalenda ya ukutani. Tarehe ya kulipa ikiangukia siku za mwezi mpevu, huyo mama si mkorofi wala si mvivu. Hana hela kwa sababu mbinguni kuna mwanga. Ongeza mvua za masika, dagaa wakilowa wanageuka chakula cha kuku na bei inaanguka vibaya.

Tulichelewa kuliona hilo kwa sababu wengi wetu ni watu wa mshahara au wa duka. Aliyetufumbua ni mwanamke mwenyewe, mama wa watoto wanne, alipoulizwa na Hajati ataweka shilingi ngapi kwa mwezi. Akasema, "Hajati, usinihesabie kwa mwezi wa tarehe. Nihesabie kwa giza." Tukahesabu kwa giza. Shilingi 2,500 kila siku ya kazi, kwa siku kumi na nane hivi za giza, ni 45,000. Kodi inatoka, na elfu tano inabaki ya kuziba pengo la mvua. Anaituma kwa simu jioni ile ile kabla hajapita dukani, kwa sababu akishapita dukani haipo tena. Siku za mbalamwezi hadaiwi kitu, na hilo limemtoa kwenye kukwepa simu zetu.

Ikabaki kumshawishi mwenye nyumba apokee kwa vipindi vifupi, na hapo lazima niwatetee wenye nyumba kidogo, maana kwenye habari za namna hii huwa wanapakwa masizi. Mwenye nyumba wa Mabatini si tajiri wa Capri Point. Huyu ninayemsema ni mzee aliyestaafu reli, mwenye vyumba saba alivyoviongeza kimoja kimoja juu ya mawe, na anaishi katika kimojawapo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Kama umekuja kuniomba nipokee kodi ya mwezi mmoja mmoja, kunywa maji kwanza halafu uondoke."

"Ndiyo nililolijia, mzee wangu."

"Haya, sikiliza. Mwezi wa kwanza atalipa. Wa pili ataniambia mtoto anaumwa. Wa tatu ataniambia dagaa hakuna. Mimi nimwambie nani? Bibi yako humo ndani anakunywa dawa za presha kila siku, na duka la dawa halipokei habari za dagaa."

Sikuwa na jibu la kumshinda, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Tulichomwekea mezani ni amana: kodi ya mwezi mmoja inakaa kwa Hajati, siyo kwa mzee wala kwa mpangaji. Mpangaji akichelewa siku kumi, mzee analipwa kutoka pale, kisha sisi tunamalizana na mpangaji wenyewe. Na mzee akiwa na neno juu ya watoto, maji au kelele, anampigia mmoja wetu kabla ya kumfokea mtu uani. Akafikiri, akaenda kumuuliza mkewe, akarudi.

"Miezi miwili miwili. Chini ya hapo sishuki. Na watoto wasichezee bomba."

Tukaandika mkataba, mjumbe akashuhudia. Amana ile imeguswa mara moja tu, kipindi cha mvua. Lakini uwepo wake umebadilisha namna mzee anavyomwamkia yule mama asubuhi, na hili silisemi kwa kutia chumvi: mpangaji anayekaribia kufukuzwa huanza kufukuzwa na salamu.

Ugomvi wa nyumba za kupanga, ukitoa kodi, mara nyingi ni LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Vyumba saba, mita moja. Anayechemsha maji kwa umeme anadaiwa sawa na anayewasha taa moja. Tangu 2021 kodi ya majengo nayo inakatwa humo humo kwenye LUKU, na mwaka 2023 ikapanda kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayeilipa ni yeyote aliyenunua umeme siku inapokatwa. Familia mpya, isiyo na sauti, ndiyo inayotumwa kununua siku hiyo. Mambo haya yanaonekana madogo mno kuandikiwa mradi, na ndiyo yanayowatoa watu kwenye nyumba. Sasa tunalizungumza la LUKU siku ile ile ya mkataba: nani ananunua, wiki gani, na ile 1,500 inagawanywaje.

Watoto ndio habari nyingine. Wapo wenye nyumba wanaouliza idadi ya watoto kabla ya jina lako, na akina mama wamejifunza kusema wawili wakati ni wanne. Uongo huo unawafanya waogope kuwaleta wale wa Misungwi hata baada ya kupata chumba, na nyumba inabaki nusu. Siku hizi tunataja idadi yote mbele ya mwenye nyumba hata kama tutakosa chumba, na tumevikosa vingi. Kisha hatuwarudishi wote kwa mpigo. Anakuja mmoja, anazoea, shule inampokea, ndipo anafuata mwingine. Elimu bila ada ipo tangu 2016, lakini mtoto anayehamia katikati ya muhula bado anahitaji barua ya uhamisho, sare, na mwalimu mkuu mwenye moyo. Yule binti wa Nyegezi alikuwa ameshafika miaka kumi na minne na hakutaka kukaa dawati moja na wa miaka kumi na mmoja. Akaingia MEMKWA, ule mpango wa waliokosa elimu ya msingi. Mama yake alilia, sikuuliza kama ni kwa furaha, maana kuondoka kwake kazini kulipunguza elfu thelathini nyumbani. Hiyo elfu thelathini ilibidi itafutwe, na ilichukua vikao vya kutosha.

Kuhusu muda wa kuwa karibu na familia, tuliwahi kubishana sana. Wenzetu wengine walitaka ziara za kila wiki bila mwisho, wengine walisema tukiendelea kuingia kwa watu tunawafanya watoto wadogo. New York kuna mpango uliojaribiwa miaka ya 1990 kwa watu waliokuwa wakitoka kwenye makazi ya muda: mhudumu yule yule aliyewajua kule anawafuata hadi walikohamia, kwa miezi tisa, iliyogawanywa mara tatu. Mitatu ya kwanza yuko karibu sana, mitatu ya kati anawaacha wajaribu wenyewe huku akiwaunganisha na majirani na ofisi, mitatu ya mwisho anajitoa. Nilipoisoma nilifurahi kwa sababu moja: miezi tisa inapita ile sita ya kodi ya kwanza. Anayesaidia yupo bado wakati kodi ya pili inadaiwa. Tumeichukua, tukaifanya yetu, na mahali pa mhudumu tumeweka mwanamke mmoja wa kikundi anayekaa mtaa huo huo, siyo mgeni wa kutoka Igoma na daladala mbili.

Marekani hiyo hiyo walifuatilia familia 2,282 katika maeneo 12, na matokeo ya mwisho yakatoka 2016. Zilizopewa msaada wa kodi wa muda mrefu zilikaa kwenye nyumba vizuri zaidi kuliko zilizopitishwa kwenye makazi ya mpito yenye semina na ushauri mwingi. Sisi hatuna serikali ya kulipia watu kodi ya muda mrefu, na sitegemei kuiona karibuni. Lakini somo la kwamba semina hailipi kodi limetusaidia kukataa mfadhili mmoja aliyetaka tutumie nusu ya pesa zake kwa mafunzo ya ujasiriamali hotelini.

Kilicho karibu na msaada wa namna hiyo hapa kwetu ni TASAF, mpango wa kunusuru kaya maskini. Shida ni kwamba orodha ya walengwa inaanzia mtaani, na mtaa ndio unaothibitisha kuwa fulani ni maskini kweli. Aliyelala kwenye pagale la mtu hana mtaa wa kumsemea. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile inayotengwa kwenye mapato yake kwa ajili ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, nayo inataka kikundi kinachojulikana. Kwa hiyo kazi yetu kubwa katika miezi ile mitatu ya kati ni ya miguu tu: kumpeleka mama kwa mwenyekiti wa mtaa, kuandikishwa kwenye daftari la wakazi, kupata barua ya utambulisho, kumwingiza kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha majirani wanaoelewana. Hakuna mfadhili anayefurahia kusoma ripoti yenye neno "daftari la wakazi", lakini mwanamke aliyemo humo, siku akikwama, anakuwa na ofisi inayomjua kwa jina. Kwenye familia zetu, zilizorudi nyuma ni zile ambazo hazikufika hatua hiyo. Baadhi zilihama usiku, na simu zao hazipatikani.

Yule mama wa dagaa sasa amepita mwaka. Watoto watatu wako naye, wa nne bado yuko Misungwi kwa hiari ya bibi yake, ambaye naye amegoma kubaki peke yake, na kusema kweli bibi ana haki. Ila tangu chanzo cha maji cha Butimba kianze kazi mwaka 2023 wenye nyumba wengi wamekuwa wakivuta maji uani, na mzee wetu wa reli naye amevuta. Anasema kuanzia Januari kila chumba kitakuwa 50,000. Kwa hesabu ya giza, ile elfu kumi ya nyongeza ni siku nne zaidi za dagaa kila mwezi, na giza haliongezeki. Hajati anataka tumwombe mzee apandishe elfu tano sasa na elfu tano mwezi Julai. Mimi napendelea tumwongezee amana kidogo, yeye aiache kodi ilipo kwa mwaka mmoja, kwa sababu anachoogopa ni kuchelewa kuliko kiasi chenyewe. Mama amesema ana wazo la tatu: auze maji ya bomba kwa niaba ya mzee kwa majirani wa juu, na wagawane. Tunakutana Jumapili saa kumi jioni, na mzee amesema atakuja ila hatakaa sana.